Mota Tatu za Kijani

Mbinga, Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako Imelda,

Umekwenda kumuaga mama yako wa ubatizo, na najua hutarudi kabla hajakulisha mara mbili. Mvua imepungua lakini njia ya bondeni bado ni tope, kwa hiyo utachelewa zaidi, na leo nashukuru. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Mimi si mwandishi. Elimu yangu unaijua, iliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo umeyasikia tangu Krismasi mpaka yamekuchosha. Nataka kukujibu swali lako. Umeniuliza mara mbili kwa nini kesho sikupeleki Lituhi kama tulivyopanga, na mara zote mbili nimekuambia ni goti. Goti haliniumi. Juzi umeniona nikipanda kutoka bondeni na mzigo wa kuni, ukatazama goti langu. Siendi kwa sababu Hyasinta amenikataza kukanyaga kwake, na ana haki. Kesho jioni utakuwa nyumbani kwa mtu niliyemkosea sana. Utakula chakula chake na kujifunza kazi kwake. Si vizuri ufike hapo hujui kitu. Barua hii nitaiweka juu kabisa ndani ya begi lako, uisome ukiwa bado garini, ukiwa bado unaweza kushuka na kurudi.

Wewe kampuni ile ya Kijani uliikuta inakufa, kwa hiyo huwezi kujua ilivyokuwa. Jina lake halisi lilikuwa refu, lakini huku kwetu hakuna aliyelitaja. Watu walisema Kijani kwa sababu ya rangi ya mota zake. Kiwanda chenyewe kilikuwa Dar es Salaam, kikitengeneza transfoma, nyaya, swichi na mota, na kwa miaka mingi ukitaja mota upande wetu huu umetaja Kijani. Mashine ya kusaga ya kijiji cha Kitura ilikuwa Kijani. Mashine za kumenyea kahawa, Kijani. Mwenye mashine akinunua mota ya rangi nyingine, watu walimwuliza kama mkewe anajua.

Hapa Mbinga walikuwa na karakana. Mota zilizoungua, kuanzia milimani kwetu mpaka ziwani, zililetwa kwetu. Tulizifungua, tukatoa waya ulioungua, tukasuka upya kwa waya wa shaba, tukazirudisha na vanishi mpya na rangi mpya. Wasukaji tulikuwa saba, wote wanawake. Msimamizi alisema vidole vya wanawake vina subira. Nadhani aliona pia kwamba havidai mengi, lakini tulikuwa na fahari. Nilipita sokoni na ovaroli yangu ya kijani, na akina mama wauza maharage walinisogezea kigoda.

Baba yako alikuwa mpimaji. Mota ikishasukwa na kukaushwa ilifika mezani kwake. Alikuwa na vyombo vya kupimia, lakini mwisho wa yote aliiwasha, akainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akikiinamisha ukimsomea kitabu chako cha shule, akasikiliza. Hapo ndipo alipoamua.

Hyasinta alitoka Lituhi. Baba yake alikuwa mvuvi, na siku ya kwanza aliingia karakana na mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa, akatugawia kabla hajatuambia jina lake. Alikaa meza moja nami, uso kwa uso. Tulitaniana tangu asubuhi mpaka kengele.

“Nyie wa milimani mnafunga mota kama mnafunga kuni,” alikuwa akisema.

“Nanyi mnafunga kama mnaogopa itarukia majini.”

“Ikiruka nitaidaka. Wewe Mmatengo ukitumbukia utadakwa na nani, na hata kuoga mtoni unashika mzizi?”

Wote walicheka, nami nilicheka kuliko wote. Mwanangu, utani ni mzuri, lakini una hatari moja ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Unaweza kumwambia mtu ukweli mchungu wa moyo wako kila siku, mchana kweupe, na asijue kuwa umemwambia. Nilipomwita mchawi wa ziwani watu waligonga meza kwa kicheko. Kuna siku sikuwa ninatania.

Hilo la kuni lilikuwa na sababu. Tukimaliza kusuka, tulifunga vichwa vya waya kwa uzi wa pamba, na kila msukaji alikuwa na fundo lake la mwisho. Hakuna aliyetuagiza, lilianza kama mchezo. Langu lilikuwa la kufungia mzigo wa kuni, nililojifunza kwa bibi yako. La Hyasinta lilikuwa la kushonea nyavu. Vanishi ikishakauka juu yake, fundo halifunguki tena. Mota ikiungua na kurudi, baba yako aliifungua, akatazama fundo, akaandika jina la aliyesuka katika daftari la mota zilizorudi. Hakuhitaji kumwuliza mtu.

Sasa nikuambie wivu ulivyoanza. Nasema mapema kwamba baba yako hakuwa na jambo lolote na Hyasinta, kwa sababu mtu akisikia neno wivu huanza kumtafuta mwanamume. Ingekuwa hivyo ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, wazee wangetukalisha, yangekwisha. Ilikuwa mota. Siku moja msimamizi alipita mezani kwa baba yako wakati anapima, na baba yako akamwambia, tena kwa sauti ya kawaida tu, “Hii ya Hyasinta haipigi kelele. Inaimba.”

Jioni, nyumbani, nilisubiri mpaka amenawa.

“Na zangu?” nilimwuliza.

“Zako nini?”

“Mota zangu, Baba Imelda.”

“Zako nzuri.”

“Zinaimba?”

Alimega ugali, akafikiri kwa uaminifu wake ule. “Zinafanya kazi,” alisema.

Akaendelea kula. Mpaka anakufa hakujua alichosema. Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwangu, na nakumbuka nilikufunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

Tangu siku hiyo nilianza kumtazama Hyasinta. Nilitazama anavyonyoosha waya kwa pande mbili za kidole gumba, anavyoupitisha katika mifereji ya chuma bila kuusugua. Nilijaribu kufanya kama yeye, ikawa mbaya zaidi. Kitu kimoja tu nilikuwa nimemshinda. Yeye hakujaliwa mtoto, mimi nilikuwa nawe. Jumamosi nilikuleta karakana kwa makusudi, umesukwa nywele, umevaa gauni la kanisani. Alikubeba, akakupa usipa mmojammoja kama anamlisha ndege, nawe ulimng’ang’ania shingo. Nilikuchukua nikasema una usingizi. Hukuwa na usingizi.

Kuna mchana mmoja wa mvua umeme ulikatika, tukakaa mlangoni tunangoja. Nilimwomba anifundishe fundo lake. Sikuwa na nia mbaya wakati ule, nilitaka tu kuwa na kitu chake. Alinifundishia kwenye kamba ya kiatu changu mwenyewe, akifungua na kufunga polepole, akirudia bila kuchoka. Nilipoweza, alinipiga begani. “Sasa na wewe ni mtoto wa baba yangu,” alisema.

Halafu mambo ya Kijani yakaanza kuharibika. Zikaingia mota nyepesi kutoka nje, unaibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha mayai. Ndani waya wake si shaba. Tulizicheka. Tukasema zitaungua zote na wenyewe watarudi kwetu wamelowa jasho. Ziliungua kweli, ila wenyewe hawakurudi, walinunua nyingine. Kule Dar es Salaam shaba ikaanza kukosekana. Tulikuwa tukiletewa waya wa mabaki, huu mnene, huu mwembamba, na mapipa ya vanishi yakifika nusu. Msimamizi alitukataza kutupa hata kipande cha uzi. Kisha tukasikia kampuni inagawanywa. Transfoma zimechukuliwa na mnunuzi mmoja, nyaya mwingine, mota mwingine. Hata jina liliuzwa peke yake, kama ngozi ya ng’ombe ambaye nyama imeshagawiwa, na aliyelinunua akalibandika kwenye zile mota nyepesi tulizozicheka, akazipaka kijani. Baba yako aliiona ya kwanza dukani hapa mjini. Aliikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka.

Aliyenunua upande wa mota alituma ujumbe kwamba Mbinga watabaki wasukaji watatu kati ya saba, na mtu wake akija atapitia daftari la mota zilizorudi. Wasukaji wengine walianza novena, sala za siku tisa. Mimi nilipiga hesabu zangu. Hyasinta alikuwa na mota moja tu katika daftari lile, ya zamani. Mimi nilikuwa na mbili, na wengi wa wale wengine walikuwa na zaidi. Nafasi tatu zilikuwepo, ningeweza kubaki mimi naye, meza moja kama zamani. Lakini sikutaka kubaki naye. Hilo ndilo ninalotaka ulisome vizuri, Imelda. Sikufanya nilichofanya kwa kuogopa njaa. Nilitaka nibaki mahali ambapo baba yako hatasikia mota ya Hyasinta tena.

Ya kwanza sikuipanga. Nilikuwa napitisha waya, ukakwaruzwa kwenye ukingo wa chuma, ngozi yake ikatoka. Waya wa namna hiyo lazima utolewe na kazi ianze upya, maana ukiguswa na joto utaungua. Waya ulikuwa haba na saa zimekwenda. Niliufunika kwa karatasi nikaendelea. Nilipofika kwenye uzi, Hyasinta akiwa ameinamia kazi yake, vidole vyangu vikafunga fundo la nyavu. Vilitangulia, nami nikavifuata. Mkasi ulikuwa mbele yangu mezani na sikuushika. Ya pili na ya tatu nilizikwaruza kwa makusudi.

Ile ya pili ilipofika kwa baba yako aliiwasha, akainamisha kichwa, akaizima, akaiwasha tena.

“Hii haiimbi,” alisema.

“Ya nani?” niliuliza, kama nisiyejua.

Aliinama na tochi. “Fundo la Hyasinta.”

“Basi amechoka. Sote tumechoka.”

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, akasema vipimo viko sawa, akaipitisha. Sijui alijua nini. Miaka yote tuliyoishi baada ya hapo sikumwuliza, na sasa sina wa kumwuliza. Mota zote tatu ziliungua na kurudi, na aliandika jina la Hyasinta mara tatu kwa mwandiko wake ule mzuri ulionyooka. Kama hakujua, nilimfanya aandike uongo. Kama alijua, aliubeba kwa ajili yangu, na hilo ni zito zaidi. Usiku na mchana nimeligeuza na sijapata upande wake mwepesi.

Moja ya hizo tatu, ile iliyokwenda kijiji cha Lipingo, iliungua wiki ya Pasaka, na akina mama wa kule walitembea na mahindi yao vichwani mpaka kijiji cha pili. Mwenye mashine alikuja mwenyewe karakana akasimama mbele ya meza yetu.

“Wewe mama, ulisuka mota au ulisuka mkeka?” alimwambia Hyasinta.

“Ungeniambia ni mkeka ningekuwekea maua, baba,” alijibu, na watu wakacheka.

Lakini watu walipotawanyika aliomba waya ule ulioungua. Alivitandaza vile vipande vyeusi mbele yangu, akavikagua kimoja kimoja kwa kidole, akitafuta alipokosea. Aliniuliza kama naona kitu. Nilimwambia sioni.

Mtu wa mnunuzi alikuja, akasoma daftari akiwa amesimama, akaacha majina matatu. Langu lilikuwepo. Hyasinta alifungasha vifaa vyake ndani ya sanduku la mbao, akazunguka kutuaga. Mimi alinikumbatia. “Baki na maharage yako, Mmatengo,” alisema, “na umtunze yule mtoto wetu.” Baba yako alimbebea sanduku mpaka stendi, nami nilisimama mlangoni nikihesabu dakika atakazokaa kabla hajarudi. Nilikuwa nimeshamfukuza na bado nilikuwa na wivu naye.

Nilichokipigania hakikudumu. Karakana ilikatwa katikati kwa ukuta wa tofali. Upande wa pili likawekwa duka la redio na friji, na zile mota nyepesi zenye jina letu. Sisi watatu tulibaki na chumba chenye dirisha moja, tukisikia muziki wao kutwa, tukisuka mota moja kwa wiki, kisha moja kwa mwezi. Masika mawili tu yalipita, wakaja wakatuambia tusirudi. Nilirudi kwenye ngolo, kuchimba mashimo yale ya shamba la mteremkoni niliyokuwa nimeapa mama yangu ndiye wa mwisho kuyachimba.

Naye Hyasinta? Aliweka sanduku lake kwenye baraza la kaka yake kule Lituhi. Mota za zamani za Kijani zilikuwa bado zimejaa ukanda wote wa ziwa, na baada ya kampuni kugawanywa hazikuwa na mwenyewe. Mnunuzi wa mota alisema ni za zamani mno, mwenye jina alisema hazimhusu. Zote zikaenda barazani kwa Hyasinta. Baraza likawa kibanda, kibanda kikawa karakana yenye mafundi. Nilimsukuma ili aanguke, akaangukia mahali palipokuwa panamngoja. Kama nisingemwonea, angebaki nami kwenye chumba chenye dirisha moja, na leo angekuwa anachimba ngolo au anakausha usipa. Watu hudhani wazo la namna hiyo linaweza kumpoza mkosaji. Halikunipoza. Niliwaka zaidi. Nilijiona kama mtu aliyemfungulia adui yake mlango kwa teke.

Siku moja tulipita Kitura na baba yako, tunatoka kumtazama shangazi yako. Mashine ilikuwa inasaga. Alisimama njiani, kichwa upande.

“Hiyo ya Hyasinta,” alisema.

“Utajuaje? Hata ndani hujaingia.”

“Sikiliza basi.”

Nilisikiliza. Nakuambia kweli, mwanangu, nilisikia mota tu. Nilimwambia twende, mvua inakuja. Mpaka leo huo wimbo sijausikia, na nadhani hiyo ndiyo tofauti yote kati yangu na wao wawili.

Baba yako alipofariki, Hyasinta alifika kabla ya dada yangu wa tumbo moja. Wewe ulikuwa shule ya bweni na ulipofika ulimkuta keshashika masufuria, anapika kwa ajili ya watu wote. Makaburini alilia kwa sauti. Nilikuwa nimempoteza mume wangu, na bado kuna sehemu yangu iliyosimama pembeni ikimwuliza, unalia kwa haki gani? Siku ya tatu tulikuwa tunaosha vyombo wawili tu, akasema, “Dada, yule ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia kazi yangu ni nzuri.” Nilikuwa na sahani mkononi. Ndiyo ilikuwa siku ya kusema, Mungu alikuwa ameniwekea mbele yangu. Nikampimia maharage ya njiani.

Ndipo ukaja wewe. Mwezi wa kumi ulitoka Kitura mbio, cheti chako cha ufundi umeme hakijamaliza hata mwaka, ukaniambia umeona mota ya zamani imesukwa vizuri kuliko mlivyofundishwa chuoni, na mwenye mashine amekuambia ni ya mama mmoja wa Lituhi, Hyasinta. “Mama, ni Hyasinta yule aliyetupikia msibani?” Nikasema ndiye. “Mbona hujawahi kuniambia ni fundi hivi?” Ulimwandikia mwenyewe, akakubali, ukaruka uwanjani mpaka kuku wakatawanyika. Nilikutazama vidole vyako. Ni vyake, si vyangu. Virefu, vyenye subira. Kile kitu kimoja nilichokuwa nimemshinda kilikuwa kinakunja nguo kwenda kwake, tena kwa furaha.

Ijumaa nilipanda kule juu shambani kwenye mtandao, nikampigia. Nilimwambia zile mota tatu nilisuka mimi.

“Mota zipi?”

“Ya Lipingo, na zile mbili. Nilifunga fundo lako.”

Nyuma yake kulikuwa na nyundo inagonga. Nilimsikia akiwaambia mafundi wanyamaze. Kisha akarudi.

“Nilikufundisha mimi,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilidhani kazi inanitoka. Mpaka leo nikimaliza mota naifungua tena mara ya pili. Mafundi wangu wananicheka. Unajua hilo, Benadeta?”

Hakuniita Mmatengo. Nilimwambia sikujua.

“Marehemu alijua?”

“Sijui. Sikumwuliza.”

“Umengoja amekufa. Umengoja mpaka una shida kwangu.”

“Ndivyo ilivyo,” nilisema. Nilisikia nyundo ikianza kugonga tena nyuma yake.

“Mtoto aje Jumatatu kama tulivyosema, yeye hajakosa kitu. Wewe usije. Usije kumleta, usije Pasaka. Akiugua nitamuuguza mimi. Siku nikitaka kukuona nitakuja mwenyewe.”

Hapo simu ilikatika.

Usiniwazie mema kwa simu ile. Nilimpigia kwa sababu nisingeweza kukupeleka kwake na uongo ule ukiwa umekaa katikati yetu garini. Lakini nusu yangu ilitaka akatae. Nilijua akikasirika vya kutosha atakufungia mlango, nawe utabaki hapa nami. Hata kuungama kwangu kulikuwa na wivu ndani yake. Alipokukubali nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa, na sikujua kama ninalia kwa aibu au kwa kukukosa.

Ukifika, usinitetee. Akinisema vibaya, sikiliza, ni yake ya kusema. Nilikuwa nimemfungia kahawa na maharage nikavitoa begini, kwa hiyo usishangae begi kuwa jepesi, na salamu zangu usimpelekee. Atafungua kazi yako mara ya pili baada ya wewe kuimaliza. Usione kama anakudharau. Ugonjwa huo nilimpa mimi, na wewe ukiuvumilia bila kununa utakuwa umenisaidia kuliko sala.

Na siku moja, pengine si mbali, atakuja msichana mwingine kwenye meza yenu, mwenye vidole vizuri kuliko vyako. Utamjua kabla watu wengine hawajamjua, kwa sababu utasikia kitu kinakufinya hapa chini ya mbavu. Siku hiyo mwambie kwa mdomo wako kwamba kazi yake ni nzuri. Sina dawa nyingine. Mimi nilikaa na Hyasinta meza moja miaka sita, niliona uzuri wa kazi yake kuliko mtu yeyote isipokuwa baba yako, na sikumwambia hata mara moja. Nafikiri ningemwambia mara moja tu, vidole vyangu visingejua njia ile.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni wewe unapanda. Basi nimalizie. Kule utamwita Mama. Mtu wa umri wake humwiti vinginevyo, na adabu hiyo nimekufundisha mimi. Mwanzoni utasema Mama Hyasinta. Kazi ikizoeleka, jina litadondoka, litabaki Mama peke yake. Nimelifikiria hilo tangu Ijumaa na sijalimeza. Lakini mwite. Mwite kwa moyo mweupe, amelistahili muda mrefu. Ila kila ukishamwita, mwanangu, nyamaza kidogo unikumbuke na mimi.

Mama yako,
Benadeta